Akina Mama Bahati

Enzi zetu asubuhi ilisikika kwanza, kuonekana kulikuja baadaye. Giza lilikuwa bado limelala juu ya manjanja, mabati ya mapaa ya Mudzipela, mtaa wetu mjini Bunia, nami nimefumba macho chini ya blanketi, ndipo sauti ya jirani yetu ilipovuka ua: "Mama Rebeka! Mumeamuka?" Na sauti ya mama yangu, nzito bado kwa usingizi, ikajibu kutoka jikoni: "Tumeamuka, Mama Zawadi. Mulilala muzuri?" Kisha ua wa pili ukaitika, na mwingine, na mwingine, wakaitana hivyo kushuka mteremko, Mama huyu, Mama yule, kama majogoo wanavyopokezana. Niliamini kwamba jua la Bunia huvutwa na sauti hizo, na kwamba siku akina mama wakinyamaza hakutakucha.

Neno lenyewe lilikuwa kama hewa. Yule aliyepita na beseni la majani ya muhogo kichwani alikuwa mama ya sombe. Aliyekuwa na mikono myeusi kwa mkaa hadi viwikoni alikuwa mama ya makala. Watawa wa kanisani, waliopita wakiwa wameshika sketi zao zisiguse tope, walikuwa mama masera, ingawa hakuna aliyewahi kuwaona na tumbo. Dada za mama walikuwa mama mukubwa na mama mudogo, na ukifika kwao ulipewa chakula kabla hujaulizwa kama umekula. Ukijikwaa kwenye jiwe, mdomo ulisema "Mama weee!" kabla damu haijatoka. Nimemwona mzee mwenye mvi akijigonga kidole kwa nyundo, akamwita mama yake aliyezikwa tangu zamani, na hakuna aliyecheka, kwa sababu wote tulijua kwamba mama huyo alikuwa amesikia.

Mimi pia nilikuwa mama, tangu siku ya kuzaliwa. Baba alinipa jina la mama yake mzazi, Rebeka, na kwetu mtoto anayebeba jina la mtu hubeba pia heshima yake. Baba yangu, fundi wa kushona nguo, mtu mwenye ndevu na sauti ya kutisha wateja, alinisalimia kila asubuhi huku ameinamisha kichwa: "Mama, umeamuka muzuri?" Nikivunja chungu, aliitazama fimbo, akanitazama mimi, akashusha pumzi. "Mutu anapiga mama yake namna gani?" aliuuliza ukuta, kisha akamwachia mama yangu kazi hiyo. Mama yangu hakuwa na shida hiyo hata kidogo.

Na kwa kuwa mji mzima ulimwita mama yangu Mama Rebeka, na Rebeka kwa baba alikuwa mama yake, yeye alimwita mkewe "mama ya mama". Mama Zawadi, jirani yetu, mwanamke mnene mwenye ulimi usiojua kupumzika, alijishika mbavu kila alipoyasikia hayo.

"Muzee, mama ya mama ni koko! Basi weye ulioa koko yako!"

"Nilioa mwenye alikubali," baba alijibu, uzi mdomoni, bila kuinua macho kwenye mashine.

Jambo ambalo hatukuliona, kwa kuwa tulizaliwa ndani yake, ni kwamba hakuna mtoto aliyejua jina la mama yake. Mwanamke alipozaa mara ya kwanza, jina alilopewa na wazazi lilikunjwa likawekwa chini kabisa ya sanduku, pamoja na kikwembe, yaani kitenge, cha harusi. Tangu siku hiyo aliitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, mpaka kaburini. Waliofuata, hata wangejaza nyumba, hawakubadili kitu. Nyuma ya Zawadi kulikuwa na msururu wa wadogo zake wenye makamasi na kelele, na hakuna aliyewahi kumwita mama yao kwa jina la hata mmoja wao.

Mchana ulikuwa wetu. Tulitoka shuleni na chaki kwenye nywele, viatu mkononi ili visichakae, tukapanga mistari miwili ya nzango: wimbo, makofi, miguu hewani, vumbi jekundu likipanda mpaka puani. Tukichoka tulicheza mama. Gunzi la muhindi lililobaki na nywele zake lilikuwa mtoto, kipande cha kitambaa kutoka chini ya mashine ya baba kikalifunga mgongoni, na kopo la dagaa likawa chungu. Ukicheza mama ilikubidi uongee kama mama yako hasa, umkaripie mtoto wako kwa sauti yake, upumue kama yeye anavyopumua akiinua ndoo. Jikoni moshi wa mikalitusi ulitoka ukiwa umechanganyika na harufu ya mawese. Watoto wa leo ukiwaambia wakacheze wanauliza kwanza kama simu imejaa umeme.

Vita navyo tulivisikia kabla ya kuviona. Kwanza ulikuwa mlio wa mbali upande wa Djugu, kama mtu anayekung'uta mkeka. Kisha watu wa huko wakaanza kuingia mjini na magodoro kichwani, mbuzi nyuma yao, na macho yasiyokaa mahali pamoja. Asubuhi sauti za uani zikapungua. Mama mmoja hakuitika, kesho yake mwingine. Sitataja makabila hapa. Mama yangu hakuyataja nyumbani kwake.

Jioni moja alinikalisha chini kati ya magoti yake kunisuka, na kila alipokaza msuko alisema neno nisilolijua.

"Veneranda."

"Njo nani?" nikamwuliza, yaani ndiye nani.

"Njo mimi."

Nilicheka. Nilidhani ni jina la mji.

"Usicheke. Tukipotezana, usiseme unatafuta Mama Rebeka. Bamama Rebeka iko wengi mu Bunia. Sema Veneranda, muke ya fundi cherehani wa Mudzipela. Sema."

Nikasema. Akakaza msuko mwingine, nikasema tena, mpaka jina likawa kama limesukwa kichwani pamoja na nywele. Baadaye niligundua kwamba majirani wengi walifanya vivyo hivyo. Tuliopita mwaka ule tukiwa watoto tulifundishwa majina ya mama zetu na vita.

Siku ya kukimbia baba alibeba kichwa cha mashine ya kushona, amekifunga kwenye blanketi kama mgonjwa. Mama alibeba chungu na mkeka. Mimi nilipewa kuku ndani ya kapu, kuku aliyelalamika njia nzima kuliko mtu yeyote. Barabara ya uwanja wa ndege ilijaa, na bado naiona kama inavyoonekana barabara ndotoni: watu wengi mno na kelele hakuna, miguu tu.

Kando ya barabara, juu ya beseni lililopinduliwa, alikaa mtoto wa kike. Alikuwa na umri wa kutembea na kuongea maneno machache. Hakuwa akilia. Alishika kandambili moja, ya mtu mkubwa.

"Jina yako nani, mama?" mama yangu alimwuliza, maana kwetu hata mtoto mchanga wa kike huitwa hivyo.

"Bahati."

"Na mama yako iko wapi?"

Mtoto alinyoosha kidole kwa mwanamke aliyekuwa akipita. Kisha kwa mwingine. Kisha kwa mwingine tena.

"Mama ya mama," baba alisema kwa upole, "siye tuko na wetu wa kukimbiza."

"Na huyu iko wa nani?"

Mama aliweka chungu chini, akachuchumaa, akampa mtoto mgongo. Bahati alipanda mwenyewe. Chungu nikabeba mimi, na kuku pia.

Mbele kidogo kulikuwa na kizuizi cha kamba, na kijana mwenye bunduki ndefu kuliko miguu yake.

"Mama, huyu mutoto iko wako?"

"Wangu, baba."

"Na ule?"

"Wangu."

Alitutazama. Mimi mrefu, mweusi, uso wa duara. Bahati mwekundu, mdogo, kidevu chembamba.

"Hawafanane hata."

"Baba yao ni fundi ya nguo," mama akasema. "Kila moja anamukata na kitambaa yake."

Kijana alicheka, na alipocheka niliona kwamba meno yake ya mbele yalikuwa bado mapya. Akashusha kamba.

Tuliishi kwa muda chini ya mahema ya plastiki karibu na uwanja wa ndege, pamoja na nusu ya mji. Nikumbukapo kambi ile husikia zaidi mvua juu ya plastiki, na chini yake akina mama wakibembeleza watoto, kila mmoja na wimbo wake, nyimbo zikichanganyika mpaka zikawa wimbo mmoja usio na maneno. Bahati alilala kati yangu na mama. Siku moja, akiwa na kiu, alimshika mama shavu akasema, "Mama, maji."

Inafaa msomaji ajue kwamba baada yangu mama hakuzaa tena. Walikuwa wamekwenda hospitalini, wamekwenda kwenye maombi, wamekunywa mizizi michungu, na mwishowe wakaacha kuzungumza juu ya jambo hilo. Alipoitwa vile na Bahati, mama yangu aligeuka taratibu, kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya mto, asiyeamini kwamba ni yeye.

Tuliporudi Mudzipela, manjanja ya upande mmoja yalikuwa yamekwenda na watu, lakini kuta zilisimama. Mama Zawadi naye alirudi, amekonda, ulimi umebaki vilevile. Akamkagua Bahati kama anayenunua kuku.

"Huyu ni mutoto wa kwanza. Angalia masikio, walitoboa muzuri. Angalia shanga ku kiuno. Wa kwanza njo tunafanyaka hivi. Wale wengine tunawaachaka hivyo tu, wanajikomalia."

Wanawake waliokuwapo wakatikisa vichwa. Ilikuwa kweli tupu. Kila mmoja alijua alivyomlea wa kwanza na alivyowalea wa mwisho. Basi ikaamuliwa kwamba mama wa mtoto huyu anaitwa Mama Bahati, na Jumapili, baada ya misa, katekista akatangaza: Mama Bahati aliyepoteza mtoto wa kike wakati wa kukimbia afike Mudzipela, kwa Mama Rebeka, nyumbani kwa fundi cherehani. Kutoka hapo tangazo lilitembea kwa midomo. Lilikwenda makanisa mengine, likaenda msikitini, likaenda sokoni, na kwa kila hatua likadondosha kipande, mpaka likabaki hivi: "Mama Bahati anatafutwa Mudzipela."

Wakaja. Sijawahi kuona kitu kama kile. Akina Mama Bahati walijaza uwanja wetu, wakakaa kwenye mikeka, kwenye mawe, kwenye beseni, kwenye mzizi wa mkalitusi. Kulikuwa na Mama Bahati kikongwe, ambaye Bahati wake alikuwa mwanamume mwenye wake wawili. Kulikuwa na Mama Bahati aliyedhani ameitwa kupewa chumvi. Mwingine alikuwa na Bahati wake pale pale kifuani, mzima, ananyonya.

"Na weye unatafuta nini?" Mama Zawadi alimwuliza.

"Nimesikia naitwa, nikakuja. Unaitwa, utakataa?"

Mama yangu alichemsha chai, akawapa wote. Mmoja mmoja wakamsogelea mtoto, na mtoto akawatazama, kisha akarudi kushika kikwembe cha mama. Mwishoni alibaki mwanamke kijana, mwenye kitambaa cheusi kichwani. Yeye kweli alikuwa amepoteza binti wa umri ule, na jina lilikuwa lile. Alimtazama Bahati muda mrefu. Akamgusa nywele. Hakuna ambaye angemkatalia kama angesema ndiye.

"Hapana," alisema. "Wangu alikuwa na kovu hapa." Akajigusa juu ya nyusi, akamshukuru mama kwa chai, akaenda.

Walipokwisha kuondoka, mama alikusanya vikombe huku akiimba kwa sauti ya chini. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu kambini.

Miezi ikapita. Naikumbuka kama miezi yenye jua hata ilipokuwa ya mvua. Baba alimshonea Bahati gauni kutoka mabaki ya vitambaa, kila kipande na rangi yake. Nilimfundisha nzango, akaanguka, akainuka akiwa anacheka. Mama alinenepa kidogo. Alianza kutembea kama mwanamke mwenye watoto, yaani akigeuka nyuma mara kwa mara hata wasipokuwapo. Mama Zawadi akamwambia juu ya ua, "Mama Rebeka, acha sasa kutafuta. Mungu amemaliza kukata hii shauri." Mama alikuwa akitabasamu ndani ya beseni la nguo.

Alasiri moja mama alikuwa akitwanga sombe, nasi tukicheza mama karibu naye. Siku hiyo Bahati ndiye alikuwa mama. Alifunga gunzi mgongoni, akakoroga udongo ndani ya kopo, akaweka mkono kiunoni, na ghafla, kwa sauti ambayo haikuwa ya mama yangu wala ya mtu yeyote wa Mudzipela, sauti ya juu iliyovutwa mwishoni kama kamba, akaita:

"Dieumerciii! Dieumerci, weee! Kuya kula, bugali inapoa! Umubebe na Bahati!"

Mchi ulisimama hewani.

"Dieumerci njo nani?" Mama Zawadi aliuliza kutoka ng'ambo ya ua.

"Yaya," Bahati alijibu, akaendelea kukoroga. Yaya, yaani mkubwa wake.

Mama alianza tena kutwanga. Alitwanga sombe ile hadi ikawa laini kama uji, na bado akatwanga. Mama Zawadi, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, alikaa kimya.

Chakula kilipoiva mama hakula. Bahati alikuwa amelala magotini mwake, midomo imefunguka.

"Huyu si wa kwanza," alimwambia baba. "Tulikuwa tunaita mutu mwenye hayuko. Mama yake anaitwa Mama Dieumerci."

Baba alizungusha kijiko ndani ya sahani. "Ni weye na Mama Zawadi tu mulisikia. Umuombe anyamaze."

"Mama Zawadi, anyamaze?"

Walicheka wote wawili, na katikati ya kicheko mama akaanza kulia, bila sauti, ili asimwamshe mtoto. Baada ya muda alijifuta kwa ncha ya kikwembe.

"Mimi nilimufundisha Rebeka jina yangu, ili siku moja anipate. Ule mama hakupata wakati. Sasa mutoto amesema yote mwenye anajua. Nifanye sikusikia?"

"Sijasema ufanye hivyo."

"Unasema kwa macho."

Baba akainamisha kichwa. Jumapili iliyofuata katekista alitangaza upya, na safari hii mama mwenyewe alisimama mlangoni pa kanisa, akamshika kila mwanamke aliyetoka akamwambia: Mama Dieumerci, mwenye binti anaitwa Bahati. Mama Dieumerci.

Mama Dieumerci hakutoka mbali. Alitoka Shari, mtaa wa jirani. Kwa miguu ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja. Alifika alasiri akiwa amevaa kandambili zisizofanana, akasimama penye pengo la ua bila kupiga hodi. Alikuwa mwekundu, mdogo, kidevu chembamba.

"Njo weye?" mama akasema.

"Njo mimi."

Mama alimwekea kiti. Hakukaa. Macho yake yalikuwa kwa Bahati, na Bahati, alipoona yale macho, alijificha nyuma ya mama yangu, akajifunika uso kwa kikwembe chake.

"Ile tangazo ya kwanza niliisikia," Mama Dieumerci alisema. "Nilikuwa mu soko, nauza viazi. Wakasema Mama Bahati anatafutwa Mudzipela. Nikasema: masikini, ule mama, Mungu amufikishie hii habari. Nikapima viazi zangu. Nikarudi ku nyumba." Akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Nilimuombea! Nilipiga magoti, nikamuombea ule Mama Bahati!"

Mama Zawadi, ambaye alikuwa ameshavuka ua, alishika mdomo kwa mikono miwili. Kosa lilikuwa lake, la masikio yaliyotobolewa vizuri, na lilikuwa letu sote.

"Na Dieumerci?" mama yangu akauliza.

Mwanamke alitazama chini. "Njo yee alikuwa anamubeba mudogo wake, siku ya kukimbia. Nilikuwa mbele na mizigo. Nikageuka, sikuwaona. Bado hajarudi."

Nilielewa, kwa namna mtoto anavyoelewa, kwamba kila mtu aliyemsalimia mwanamke yule asubuhi, kila mteja wa viazi, alilitaja jina la mtoto wake asiyerudi, na kwamba yeye aliitika kila mara.

Mama alimvuta Bahati kwa upole. "Mama, angalia. Njo mama yako huyu." Bahati akakaza kikwembe usoni. Mama Dieumerci hakumgusa. Alirudi nyuma mpaka katikati ya uwanja, akageuka, akaweka mkono kiunoni, akainua uso upande wa barabara kama mtu anayemwita mtoto aliye mbali michezoni. Sauti ilimtoka ya juu, ikavutwa mwishoni:

"Dieumerciii! Dieumerci, weee! Kuya kula, bugali inapoa!"

Ilivuka ua, ikashuka mteremko. Mbwa wa jirani akainua kichwa. Kikwembe cha mama kikasogea, na jicho moja la Bahati likatokea, kisha la pili. Akatoka. Alikwenda taratibu, akasimama mbele ya mwanamke yule, akamtazama kuanzia kandambili mpaka kitambaa cha kichwani.

"Umubebe na Bahati," alimkumbusha.

Ndipo Mama Dieumerci akaketi chini vumbini.

Walikaa mpaka jua likalegea. Walikunywa chai. Mama Dieumerci alisema kwamba kuanzia leo Mama Rebeka ni mama mukubwa wa Bahati, na papo hapo mzozo ukazuka.

"Mukubwa ni weye," mama akasema. "Mimi nitakuwa mama mudogo. Angalia, sina hata mvi."

"Mvi ni ya vita. Weye ulizaliwa lini?"

"Mwaka ya nzige."

"Nzige gani? Nzige walikuja mara mingi!"

"Mama Rebeka ni muzee, nawaambia mimi," Mama Zawadi akaingilia. "Ameolewa na mutoto ya mutoto wake!" Na baba, kwenye mashine yake, alilazimika kuondoa uzi mdomoni ili acheke. Mama yangu akashindwa, akawa mama mukubwa.

Leo Bunia ina taa za barabarani na pikipiki nyingi kuliko vizingiti. Kuta za matofali zimepanda kati ya nyumba na nyumba, na jirani anamsalimia jirani kwa simu, bila kuitoa sauti nje. Vijana wanamwita mama yao "la vieille", kizee, naye anakubali ili asionekane mshamba. Wanajua jina lake kamili, wanaliandika bila kukosea popote wanapoulizwa, na nadhani ni vizuri. Sitaki mtoto yeyote asimame kando ya barabara akinyoosha kidole kwa kila mwanamke apitaye. Lakini ukiita "Mama!" mtaani siku hizi, anageuka mmoja tu. Enzi zetu waligeuka wote. Sijui tumepata nini kilichotosha kulipia hilo.

Alasiri ile Mama Dieumerci alipokuja, mvua ilianza kunukia, tukaingia ndani. Mama alikunja gauni la vipande vya rangi, akalitia kwenye kapu pamoja na kopo na gunzi. Kisha akafungua kikwembe alichokuwa amevaa, kile kile Bahati alichojifunika uso, akabaki na cha ndani, akamwinua Bahati akamweka mgongoni mwa Mama Dieumerci. Akamfunga yeye mwenyewe, akakaza fundo kifuani pa mwanamke yule, akapitisha kidole kati ya kitambaa na ubavu wa mtoto kuhakikisha hakimbani.

"Mama," Bahati aliita kutoka mgongoni.

Hakuna aliyeitika. Kila mmoja alimsubiri mwenzake.

Kwetu mgeni husindikizwa. Humwachi aende peke yake. Unatembea naye mpaka barabarani, mnasimama, mnaanza mazungumzo mapya. Mama yangu alikuwa akiwasindikiza hata waliokuja kudai. Siku hiyo alisimama katikati ya chumba, mikono ikining'inia, na hakuchukua hatua. Mama Dieumerci alimtazama, akaelewa. Alitoka kinyumenyume, ameshikilia miguu ya mtoto kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine, kutoka nje, akauvuta mlango taratibu sana, jinsi mtu anavyofunga mlango wa chumba alimolala mtoto.